Tunza Mapambo Yako

Karibu kila nyumba ina mapambo. Nyumba moja ina mkufu wa dhahabu na hereni. Nyumba nyingine ina bangili za fedha zilizoachwa na bibi. Nyingine ina pete ya ndoa tu, au shanga za shingo na za kiuno.

Mapambo hupendeza. Lakini kwa watu wengi mapambo si ya kupendeza tu. Ni akiba. Mama anapouguza mtoto, huuza hereni. Mavuno yakiwa mabaya, mkufu huwekwa rehani ili watu wale. Akiba hiyo huvaliwa shingoni na mkononi. Kwa hiyo yafaa itunzwe kama akiba nyingine yoyote.

Tuseme kuna bibi mmoja kijijini. Mjukuu wake amechaguliwa kwenda shule ya sekondari. Anahitaji sare, godoro, sanduku na madaftari. Bibi anafungua kasha, anatoa bangili yake ya dhahabu, anapanda basi kwenda mjini kwa sonara.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta bangili yangu. Nataka kuiuza."

"Ina gramu ngapi, bibi?"

"Sijui, mwanangu."

"Ni ya karati ngapi?"

"Sijui. Alinipa marehemu mume wangu."

Sonara anaweka bangili kwenye mizani. Anasema, "Gramu 11, bibi. Karati 14." Anataja bei. Bibi anapokea fedha, anarudi nyumbani.

Labda sonara alisema kweli. Labda hakusema kweli. Bibi hana njia ya kujua. Hapo ndipo penye hasara kubwa ya mapambo. Mwizi huchukua usiku mmoja. Kutojua huchukua kila siku.

Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Somo hili litakuonyesha mambo manne: kujua ulicho nacho, kukisafisha, kukiweka, na kukiandika.

1. JUA ULICHO NACHO

Chukua pete au bangili yako. Nenda mahali penye mwanga. Tazama upande wa ndani. Kwenye mkufu, tazama karibu na kifungio. Huenda utaona nambari ndogo zilizogongwa. Hiyo ni chapa. Kama ni ndogo sana, mwombe kijana mwenye macho makali akusomee, kisha uhakikishe mwenyewe.

Dhahabu tupu ni laini mno. Hupinda upesi. Kwa hiyo masonara huichanganya na madini mengine, kama shaba na fedha, ili iwe ngumu. Chapa hukuambia kiasi cha dhahabu kilichomo. Dhahabu tupu huitwa karati 24. Maana yake sehemu zote 24 ni dhahabu. Karati 18 maana yake sehemu 18 ni dhahabu na sehemu 6 ni madini mengine.

Chapa nyingine huhesabu kwa elfu. Chapa 750 maana yake katika sehemu 1000, sehemu 750 ni dhahabu. Soma orodha hii:

999 ni karati 24
916 ni karati 22
875 ni karati 21
750 ni karati 18
585 ni karati 14
375 ni karati 9

Sasa tufanye hesabu. Bangili ina gramu 12. Ikiwa ni ya karati 21, zidisha 12 kwa 21, kisha gawanya kwa 24. Utapata 10.5. Yaani ndani yake mna gramu kumi na nusu za dhahabu tupu. Bangili nyingine ina gramu 12 pia, lakini ni ya karati 14. Zidisha 12 kwa 14, gawanya kwa 24. Utapata 7. Bangili hizi mbili ni sawa kwa uzito. Kwa macho zaweza kufanana. Lakini moja inaizidi nyingine kwa gramu tatu na nusu za dhahabu.

Fedha nayo ina chapa yake. Chapa 925 maana yake sehemu 925 katika 1000 ni fedha. Mapambo mengi ya kale hayana chapa kabisa. Huko pwani, zamani, masonara waliyeyusha sarafu za fedha wakafua vikuku na bangili. Sarafu moja iliyojulikana sana ilikuwa riale yenye picha ya malkia Maria Theresa na mwaka 1780. Uzito wake ulikuwa gramu 28 hivi. Kama una kikuku cha bibi kisicho na chapa, usikidharau. Mpelekee sonara unayemwamini akipime.

Kumbuka pia kwamba chapa yaweza kughushiwa. Mtu mwovu hugonga 750 juu ya shaba iliyopakwa dhahabu. Ukiwa na sumaku, jaribu. Sumaku haivuti dhahabu wala fedha. Bangili ikivutwa, ndani yake mna chuma. Lakini sumaku haivuti shaba pia. Basi bangili isipovutwa, bado hujapata hakika. Kifungio cha mkufu nacho chaweza kuvutwa, kwa sababu baadhi ya vifungio vina springi ndogo ya chuma.

2. VITU VINAVYOHARIBU MAPAMBO

Dhahabu haishiki kutu. Lakini hulika. Pete inayosugua jembe, mchi na ndoo kila siku hupungua kidogo kidogo. Baada ya miaka mingi huwa nyembamba, kisha hukatika. Kila kilichopungua ni fedha yako iliyobaki shambani. Vua pete na bangili unapolima, unapotwanga, unapojenga na unapochota mchanga.

Dawa za kutoa madoa kwenye nguo nyingi zina klorini. Klorini huharibu dhahabu iliyochanganywa na madini mengine. Vua pete kabla ya kutumia dawa hizo.

Fedha huwa nyeusi. Weusi huo si uchafu wa kawaida wala si dalili ya uchawi. Hauonyeshi kwamba mvaaji ni mgonjwa. Ni salfa iliyokutana na fedha. Salfa hutoka katika moshi wa taa ya mafuta, mayai, vitunguu na mpira. Kwa hiyo usiweke fedha jikoni, wala usiifunge kwa mpira.

Zebaki ni adui mkubwa kuliko wote. Wachimbaji wadogo wa dhahabu, kama wa Geita na Chunya, huitumia kukamata dhahabu iliyo katika mchanga. Zebaki haichagui. Ikigusa pete yako, huishika pia. Pete hugeuka nyeupe na huweza kudhoofika hata ikavunjika. Kama mtu wa nyumbani kwako hufanya kazi machimboni, avue pete kabla ya kwenda. Na kama pete imeingiwa na zebaki, usiichome motoni ili kuisafisha. Moshi wa zebaki hauonekani, lakini ni sumu. Huharibu ubongo na figo, na humdhuru mtoto aliye tumboni. Ifunge pete hiyo ndani ya chupa yenye kifuniko, umwonyeshe fundi anayejua kazi hiyo.

3. JINSI YA KUSAFISHA

Dhahabu isiyo na kito

Tia maji ya vuguvugu katika bakuli. Tia sabuni kidogo. Weka dhahabu humo kwa dakika 10. Sugua polepole kwa mswaki wa zamani uliolainika. Suuza katika bakuli la pili lenye maji safi. Futa kwa kitambaa laini, kisha iache ikauke kabisa.

Usisafishe mtoni wala juu ya shimo la maji machafu. Kitu kidogo kikiponyoka hapo, hukipati tena. Na usimwage maji ya bakuli kabla ya kuhesabu vitu vyako.

Usisugue kwa mchanga, majivu wala steelwire ya kusugulia masufuria. Dhahabu itang'aa siku hiyo, lakini utakuwa umeikwangua.

Fedha

Saga chaki nyeupe mpaka iwe unga laini. Changanya na maji kidogo iwe kama uji mzito. Chovya kitambaa cha pamba, sugua taratibu. Suuza, kisha kausha vizuri. Dawa ya meno haifai, maana nyingi huikwaruza fedha.

Bangili za kale zina nakshi. Weusi ulio ndani ya mistari ya nakshi uache. Huo ndio unaoonyesha maua na mistari. Safisha sehemu zilizoinuka tu.

Shaba

Shaba nyekundu na shaba ya manjano husafishwa kwa limau au ukwaju. Paka, subiri kidogo, sugua kwa kitambaa, suuza mara moja kwa maji mengi, kisha kausha. Usiache limau likae usiku kucha.

Shanga na ngozi

Shanga za kioo ni imara. Kinachokatika ni uzi. Usizitie ndani ya maji, kwa sababu uzi uliolowa huoza. Futa shanga kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Zianike kivulini. Mara kwa mara tazama uzi. Ukiona nyuzi zimeanza kutatuka, tunga upya kabla shanga hazijamwagika njiani.

Mapambo ya shanga yaliyoshonwa juu ya ngozi, kama ya Wamaasai, yasilowekwe. Ngozi ikilowa na kukaushwa juani hukakamaa na kupasuka. Yapigishe hewa mara kwa mara, maana wadudu hula ngozi iliyofungiwa.

Vito

Kama pete yako ina kito, kuwa mwangalifu zaidi. Tanzanaiti, ile ya Mererani, huweza kupasuka ikigongwa au ikitiwa ghafula katika maji ya moto. Lulu huharibiwa na limau, siki, jasho na manukato. Jipake manukato kwanza, ndipo uvae lulu. Ukivua, ifute kwa kitambaa chenye unyevu.

Kabla ya kuvaa pete yenye kito, iweke karibu na sikio uitikise polepole. Ukisikia kito kinacheza, usiivae. Mpelekee sonara akaze.

4. JINSI YA KUWEKA

Funga kila kitu peke yake katika kitambaa safi cha pamba. Dhahabu ikilala pamoja na chuma au mawe, hukwaruzwa. Mikufu miwili ikilala pamoja, hufungana. Ukiivuta kwa hasira, hukatika. Funga kifungio cha mkufu kabla ya kuuweka.

Vitu viwe vikavu. Jasho na chumvi vikikaa pamoja na fedha au shaba ndani ya mfuko, huendelea kula. Hasa wewe unayekaa pwani, futa mapambo kila unapoyavua, maana hewa ya bahari ina chumvi.

Tumia kisanduku chenye kufuli. Kiwe mbali na moto, mbali na maji ya mvua na mbali na watoto. Mtoto mdogo hutia kila kitu kinywani. Hereni ndogo au shanga inaweza kumkaba.

Watu wengi huficha mapambo ndani ya godoro, katika makuti ya paa, ndani ya pipa la unga, au huyazika chini. Mahali hapo pana hatari. Godoro la zamani hutupwa. Makuti hubadilishwa. Unga hukopeshwa jirani pamoja na kilichomo. Na aliyezika peke yake akifa ghafula, siri hufa naye. Watoto wake hupanda mihogo juu ya mali yao bila kujua.

Kwa hiyo mtu mmoja unayemwamini ajue mahali ulipoweka. Mmoja anatosha. Usiwaambie kumi.

5. JINSI YA KUANDIKA

Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Tafuta daftari dogo. Andika kila pambo kwenye mstari wake. Andika ni kitu gani, chapa yake, uzito wake, alama yake, na ulikipataje. Mfano:

Bangili 1. Dhahabu. Chapa 875. Gramu 12. Ina maua matatu na mkwaruzo mdogo ndani. Nilipewa na mume wangu siku ya arusi, mwaka 1998.

Mkufu 1. Dhahabu. Chapa 750. Gramu 6. Nilinunua mwenyewe kwa fedha za karafuu, mwaka 2011.

Hereni jozi 1. Fedha. Chapa 925. Gramu 5. Niliachiwa na mama yangu.

Kama nyumbani mna simu ya kupiga picha, piga picha ya kila kitu. Bandika risiti ya dukani ndani ya daftari. Usiweke daftari katika kisanduku kimoja na mapambo. Mwizi akichukua kisanduku, daftari libaki. Ukienda polisi au kwa mwenyekiti wa kijiji, hutasema tu, "Nimeibiwa bangili." Utasoma uzito, chapa na alama yake.

Andika pia unapoazima. Siku za arusi mapambo huzunguka kwa ndugu na majirani. Ni desturi njema. Lakini andika jina la aliyechukua na siku aliyochukua. Yeye mwenyewe atie sahihi. Si kwa sababu humwamini. Ni kwa sababu watu husahau, na udugu wa miaka 30 huvunjika kwa hereni moja.

Ukiweka kitu rehani, hapo karatasi ni lazima. Iandikwe jina la kitu, chapa, uzito, fedha ulizopewa, fedha utakazorudisha, na tarehe ya mwisho. Isome yote kabla ya kutia sahihi. Usiposoma jambo, usilitie sahihi.

6. UNAPOKWENDA KWA SONARA

Masonara wengi ni watu waaminifu. Mwaminifu haoni vibaya ukitazama kazi yake.

Kabla ya kupima, tazama mizani. Inapokuwa tupu, isome 0. Kitu kipimwe mbele ya macho yako. Soma uzito mwenyewe. Kama ni kutengeneza, pimeni kabla na baada ya kazi, na uzito wote uandikwe kwenye risiti. Waulize masonara wawili au watatu bei kabla ya kuuza. Bei ya dhahabu hupanda na kushuka, kwa hiyo usitegemee bei ya mwaka jana.

Watu wengine, hasa pwani, hupima kwa tola. Tola moja ni gramu 11.66. Ukitajiwa tola, uliza ni gramu ngapi, kisha andika.

7. MAPAMBO NI YA NANI?

Mara nyingi ugomvi huzuka nyumbani. Mume husema, "Mkufu niliununua mimi, basi nitauza." Au mume akifa, ndugu zake huja kufungua kasha la mjane.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kuwa mwanamke aliyeolewa ana haki sawa na mwanamume ya kupata mali, kuwa nayo na kuiuza. Mali aliyokuwa nayo kabla ya kuolewa haiwi ya mume kwa sababu ya ndoa. Na zawadi ambayo mume amempa mke wakati wa ndoa huhesabiwa kuwa ni ya mke, ila kama ikithibitishwa vingine. Ndiyo maana tumesema uandike ulikipataje kila kitu. Siku ya ugomvi, mstari mmoja ulioandikwa zamani una nguvu kuliko maneno mengi ya siku hiyo.

Sasa tumrudie yule bibi. Tuseme alikuwa na daftari. Sonara anamwuliza, "Ina gramu ngapi, bibi?" Bibi anafungua daftari. Anasoma, "Gramu 12, mwanangu. Chapa 875. Hiyo ni karati 21. Lakini hiyo ni ya siku nyingi, hebu tuipime tena." Sonara anapima, na bibi anainama kutazama mizani. Akiona bei haimridhishi, anafunga bangili katika kitambaa chake na kwenda duka la pili. Mjukuu atakwenda shule, na bibi atajua hasa alichotoa.

Ndugu msomaji, usingoje siku ya shida. Leo jioni fungua kasha lako. Safisha, kausha, funga kila kitu katika kitambaa chake. Kisha chukua kalamu.

MASWALI

1. Chapa 750 ina maana gani?
2. Mkufu una gramu 8 na ni wa karati 18. Ndani yake mna gramu ngapi za dhahabu tupu?
3. Kwa nini fedha huwa nyeusi?
4. Kwa nini si vizuri kuchoma pete iliyoingiwa na zebaki?
5. Taja mahali patatu pasipofaa kuficha mapambo. Eleza sababu.
6. Jadilianeni darasani: Katika kijiji chetu, mapambo ya mama akifa huwa ya nani? Je, huandikwa mahali popote?

KAZI YA NYUMBANI

Chagua pambo moja ulilo nalo. Andika mistari mitatu juu yake katika daftari lako, kama ulivyoona katika mfano. Kama huna pambo, andika juu ya kitu kingine cha thamani, kama baiskeli au cherehani.

MANENO

chapa: alama au nambari iliyogongwa kwenye kitu
karati: kipimo cha wingi wa dhahabu katika kitu
nakshi: mapambo yaliyochorwa au kuchongwa
rehani: kitu unachompa mtu akishike mpaka urudishe mkopo
salfa: kitu cha manjano, hutumiwa pia katika njiti za kiberiti
sonara: fundi wa dhahabu na fedha
zebaki: madini ya majimaji, meupe, yenye sumu